Eagles: maruki wa konabeki tunawapimaje, na safu ya nyuma ya 2025 ina watu wa kutosha?

Kijana_wa_Sinza

Wadau salama? Naomba kueleweshwa na wale mnaoifuatilia Philadelphia Eagles ya NFL, ligi ya mpira wa Marekani, kwa karibu. Mwaka jana, 2024, tulichukua makonabeki wawili (mabeki wa kukaba wapokea pasi) kwenye drafti (timu zinapochagua wachezaji wa vyuo), Quinyon Mitchell chaguo la 22 na Cooper DeJean chaguo la 40, wote wakaingia kikosi cha kwanza, wote wakawa kwenye majina matano ya mwisho ya tuzo ya ruki bora wa ulinzi, ruki ndo mchezaji wa mwaka wa kwanza (ikaenda kwa Jared Verse wa Rams), na msimu ukaisha tumewachapa Chiefs 40-22 kwenye Super Bowl, fainali ya ligi, kule New Orleans.

Sasa nikiangalia safu ya nyuma ya msimu huu wa 2025 naona watu wameondoka kwa mkupuo. Darius Slay kaenda Steelers, Isaiah Rodgers Vikings, Avonte Maddox Lions, C.J. Gardner-Johnson tumembadilishana na Texans. Walioingia ni Adoree' Jackson kutoka Giants, sefti (beki wa nyuma kabisa) Andrew Mukuba raundi ya pili, konabeki Mac McWilliams wa UCF raundi ya tano, na juzi juzi Jakorian Bennett kutoka Raiders. Kelee Ringo alikuwepo tangu 2023.

Swali langu ni hivi, ruki wa konabeki mnampima kwa kigezo gani hasa? Maana Mitchell msimu wote wa kawaida hakunasa pasi hata moja lakini kila mtu anasema ni mkali, mi naelewa nusu nusu. Na la pili, upande ule aliokuwa anacheza Slay nani aanze, na je hao waliobaki wanatosha au tunajipa moyo tu kwa sababu ya kombe?

---

Mzee_wa_Zoni

Swali zuri sana kijana, na ntakujibu kwa urefu kwa sababu watu wengi wanalipitia juu juu.

Kwanza hiyo ya kunasa pasi. Konabeki kunasa mpira kunategemea vitu vingi ambavyo yeye hana uwezo navyo, kwotabeki (mrusha pasi) wa mpinzani arushe vibaya, mpira umgonge mtu mkononi, laini ya mbele ifike haraka. Kinachomtegemea yeye ni kama risiva wake (mpokea pasi anayemkaba) yuko wazi au hayuko. Risiva akiwa hayuko wazi kwotabeki hatupi huko, na usipotupiwa huwezi kunasa, kwa hiyo konabeki mzuri anaweza kumaliza mechi nzima na jina lake halijatajwa. Mitchell alianza na Packers kule São Paulo Septemba 2024 wakamjaribu kama wanavyojaribu ruki yeyote, akakaba, na kadiri wiki zilivyokwenda ukawa unaona mipira inaelekezwa kwingine. Halafu zilipofika mechi za mtoano ndo akanasa mbili, moja dhidi ya Packers na nyingine dhidi ya Commanders kwenye fainali ya NFC. Mchezaji alikuwa yule yule, safari hii tu mpira ulifika kwake.

Mi ruki namwangalia vitu vitatu na vyote havionekani vizuri kwenye kamera ya kawaida ya runinga maana ile inamfuata kwotabeki, inabidi utafute ile picha ya juu inayoonyesha wachezaji wote 22. Cha kwanza ni nyonga. Risiva akibadili mwelekeo ghafla, huyu kijana anageuka kwa hatua moja au anapiga hatua mbili tatu za kujikusanya? Hapo ndo yadi mbili zinapotea na yadi mbili kwenye ligi hii ni tachidauni. Cha pili mikono, kwa sababu sheria inakuruhusu kumgusa risiva ndani ya yadi 5 za mwanzo tu, baada ya hapo ni kibendera cha faulo, na chuoni wamezoea kushikana njia nzima, kwa hiyo ruki anayeachia mkono kwa wakati ujue amefundishika. Cha tatu, na hiki nakipa uzito kuliko vyote, anafanya nini kwenye mchezo unaofuata, yaani mpira unaochezwa tena ndani ya mechi ile ile, baada ya kupitwa. Kila konabeki anapitwa, hata Slay kapitwa miaka yote. Ukiona ruki kapigwa pasi ndefu halafu mchezo unaofuata anarudi nyuma yadi 10 kwa woga, ndo ujue bado.

Na kukaba mtu mwenye mpira, nilitaka kusahau! Kwenye mfumo wa Vic Fangio, kocha wetu wa ulinzi, masefti wawili wanakaa nyuma sana, pasi ndefu zinazibwa, kwotabeki analazimika kutupa fupi, na ikitupwa fupi konabeki ndo anabaki na yule mtu uso kwa uso. Konabeki asiyetaka kuangusha watu hachezi kwa Fangio hata akimbie kama upepo.

Ndo maana kwangu DeJean ndiye alibadilisha ile timu. Alikosa kambi kwa sababu ya msuli wa nyuma ya paja, tukaanza msimu na Maddox kwenye sloti (nafasi ya beki wa tano, anayekaba katikati), tukawa 2-2, kushinda mbili kupoteza mbili, baada ya Tampa Bay kutupiga 33-16. Ikaja wiki ya mapumziko, tulivyorudi kucheza na Browns Oktoba 13 DeJean akaanza kwenye sloti, na kuanzia hapo mpaka msimu wa kawaida unaisha tulipoteza mechi moja tu, ya Commanders 36-33. Tukamaliza 14-3 na ulinzi namba moja wa ligi kwa yadi chache tulizoruhusu. Sisemi ni yeye peke yake, laini ya mbele ilikuwa inawaka na Zack Baun alikuwa na msimu wa maisha yake, ila sloti ilipozibwa kila mtu akawa anacheza nafasi yake.

Kuna ule mchezo mmoja kwenye mechi ya Baltimore Desemba 1 tafadhali kautafute. Derrick Henry, mkimbiza mpira wao, mtu wa kilo 112, kapata nafasi na mbele yake kabaki DeJean peke yake mwenye kilo tisini na kidogo. Wengi hapo wanajitupa miguuni na kuomba Mungu. Yeye akasimama, akashusha bega, akaingia kifuani kwa Henry, akamwinua na kumrudisha nyuma mpaka chini. Benchi zima likaruka. Ukishaona ruki wa konabeki anafanya vile kwa Henry huhitaji takwimu.

---

Nairobi_Eagle

Mzee uko sawa kwa DeJean, hapo sibishani. Lakini wacha niseme kitu kuhusu hii namba mbili kwa sababu naona watu mnaogopa bure.

Ringo ndio huyo jameni. Huyu msee ako na urefu wa futi 6 na inchi 2, alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.36, na ndiye alinasa ile pasi ya Alabama kwenye fainali ya vyuo Januari 2022 akakimbia nayo yadi 79, Georgia wakachukua ubingwa wao wa kwanza tangu 1980. Amekaa nyuma ya Slay na wengine misimu miwili akisoma, amefanya kazi ya timu maalum (kikosi cha mipira ya mateke) bila kulalamika, yaani ukitazama vile anashuka kukimbizana na mpokeaji wa panti, ule mpira wa teke, unaona ako na roho ya kazi. Sasa mkimpa Adoree' Jackson hiyo nafasi, mtu wa kuelekea miaka 30 mwenye kandarasi ya mwaka mmoja, mnajenga nini? Jackson alikuwa chaguo la 18 mwaka 2017 huko Titans, najua, lakini hiyo ni zamani.

Na tusisahau yale yalitupata 2023. Machi mwaka huo James Bradberry alipewa kandarasi ya miaka mitatu ya dola milioni 38, Slay naye akabaki, wote wawili wakiwa wamevuka au wanakaribia 30, kila mtu akasema safu ya nyuma iko poa. Tukaanza 10-1 tukamaliza 11-6 na kutolewa na Tampa 32-9. Konabeki akianza kuzeeka hakupi notisi. Miguu inaenda msimu mmoja tu, na hiyo nafasi haina mahali pa kujificha.

Mimi nasema Ringo aanze kutoka wiki ya kwanza, apitwe, ajifunze.

---

Dada_wa_Twin_Cities

Mimi ni Vikings, niko Minnesota, kwa hiyo mnivumilie, lakini nimeona jina la Isaiah Rodgers hapo juu nikasema niingie.

Kuna jambo mnalipita wote. Mnazungumzia nani aanze, na kwenye swali la kikosi kipana anayeanza ndiye rahisi kumjua. Swali gumu ni nani wa nne na nani wa tano. Timu zinatumia mabeki watano wa nyuma muda mwingi wa mchezo sikuhizi, ule mpangilio wa wanne umebaki kwa hali chache, kwa hiyo ukisema una makonabeki wawili wazuri umesema nusu. Mtu wa sloti ni wa kuanza kabisa. Halafu mmoja ataumia, hilo halina mjadala, msuli wa paja tu unatosha kumweka mtu nje wiki tatu. Sasa ukihesabu wachezaji 53 wa kikosi na 48 wanaovaa siku ya mechi, kocha anabeba makonabeki watano au sita na huyo wa tano lazima awe na kazi timu maalum la sivyo anakula nafasi ya mtu.

Rodgers alikuwa wa aina hiyo kwenu. Anaingia Slay akiumia, anaingia Mitchell akiumia, na hamkuona tofauti kubwa. Ndiyo maana sisi tumemchukua na tumempa pesa. Kwa hiyo mimi nikiwa nyie pengo la Slay lisingeninyima usingizi kama la Rodgers. Slay ana miaka 34, alikuwa ataondoka tu.

Na hao maruki wa raundi za chini kama McWilliams wasipimwe kwa macho yale yale mliyompima nayo Mitchell, itakuwa mnawaonea. Chaguo la 145 likikupa mtu wa kubeba timu maalum na kukaa nyuma ya DeJean kwenye sloti bila kupotea, hiyo drafti imelipa.

---

Mkongo_wa_Lancaster

Bandugu, na miye niweke neno. Mbona mnapita kwa Mukuba haraka hivi?

Huyu mtoto wazazi wake ni watu wa Congo, walikimbia vita, yeye akazaliwa Zimbabwe, wakafika Austin Texas akiwa na miaka 9 na mpira huu alikuwa haujui. Huku Pennsylvania tuko Wakongo wengi, Lancaster hapa ni saa moja na kitu kwa gari mpaka Philadelphia, na siku jina lake limeitwa raundi ya pili, chaguo la 64, simu zililia mpaka usiku. Watoto wetu huku walikuwa wanacheza soka tu, sasa wanauliza sefti anasimama wapi.

Lakini sisemi kwa mapenzi tu. Alianza chuo cha Clemson, mwaka wake wa kwanza 2021 akachaguliwa ruki bora wa ulinzi kwenye ligi ya ACC. Msimu wa mwisho akarudi nyumbani Texas akanasa pasi tano. Januari 1 mwaka huu kwenye Peach Bowl na Arizona State, nyongeza ya pili, yeye ndiye alinasa ile ya mwisho, Texas ikashinda 39-31. Watu wanasema mwili wake ni mdogo kwa sefti, ni kweli si mnene. Ila mutazame macho yake. Anasoma kwotabeki, mpira bado uko mkononi mwa mtu na yeye tayari ameondoka.

Na kuna faida nyingine kwenu munaohesabu makonabeki. Kule Clemson alikaba pia kwenye sloti. Kwa hiyo DeJean akipelekwa nyuma au nje, mtu wa kuziba katikati yuko.

---

Kijana_wa_Sinza

Asanteni sana wakubwa, shikamoo Mzee, dada wa Minnesota nimekuelewa pia hiyo ya mtu wa tano sikuwa nimeiwaza kabisa.

Ila Mkongo kanigusia kitu nataka kuuliza, nimesoma kwamba kambini wanamjaribu DeJean kama sefti pale tunapopanga mabeki wanne tu. Si ndo kumharibu? Mtu kashakuwa bora kwenye sloti unamtoa wa nini?

---

Mzee_wa_Zoni

Marahaba kijana.

Hawamtoi kwenye sloti. Mwaka jana tukipanga mabeki wanne nje walikuwa wanasimama Mitchell na Slay, DeJean anakaa benchi, anaingia wa tano akija. Fikiria una beki bora kama yule halafu mpinzani akileta matightendi wawili (wapokeaji wakubwa wanaosaidia pia kuzuia) wewe unamtoa uwanjani mwenyewe. Wapinzani siyo wajinga, wangeanza kufanya hivyo makusudi. Kwa hiyo Fangio anatafuta namna ya kumwacha ndani muda wote, wakiwa wanne asimame sefti au nje, wakiwa watano arudi sloti. Kwa jinsi alivyomwangusha Henry, sefti anaweza. Na akikubali kwenye sefti ule ushindani wa Mukuba na Sydney Brown unabadilika kabisa, maana mmoja wao atakuwa anaingia kwa hali fulani tu, Reed Blankenship yule nafasi yake hana wasiwasi nayo.

Uwezo wa kubadilika ndo kikosi kipana chenyewe. Kumbuka mwaka 2023 Maddox aliumia mapema tu, sloti wakapita watu wengi, mpaka Bradberry akasukumwa katikati akiwa ni mtu wa nje maisha yake yote, wengine vijana ambao hawakuwa tayari. Majina yalikuwepo ya kutosha kwenye karatasi. Sloti ni kazi tofauti, mtu wa nje ana mstari wa pembeni unaomsaidia kukaba, wa katikati risiva anaweza kwenda kulia, kushoto au juu, na kila mchezo wa kukimbia unampitia yeye.

Nairobi, hoja yako ya Bradberry naikubali mia kwa mia, na ndo iliyomfanya meneja wetu Howie Roseman achukue makonabeki wawili mfululizo. Ilikuwa tangu 2002 hatujachagua konabeki raundi ya kwanza, tangu Lito Sheppard! Na mwaka ule ule raundi ya pili tukamchukua Sheldon Brown, na hao wawili ndo walibeba pembeni mpaka tukafika Super Bowl ya msimu wa 2004. Kwa hiyo kuwapa vijana wawili kwa pamoja hii timu imeshafanya na ikalipa.

Lakini kuhusu Ringo kuanza wiki ya kwanza, mwaka huo 2002 vijana hawakuanza mara moja, kina Troy Vincent na Bobby Taylor walikuwepo, wakaachiwa nafasi 2004. Mi ningemwacha Jackson aanze kwa sababu moja ya kiufundi, ana uzoefu wa zoni (kukaba eneo badala ya mtu), anajua lini amkabidhi risiva kwa sefti na lini aende naye. Ringo mtu kwa mtu yuko vizuri ana mwili na mbio, kwenye zoni anachelewa nusu sekunde kuamua. Na Mitchell akiwa anafunga upande mmoja, mipira yote itaenda upande wa pili, utakuwa ndo upande wenye kazi nyingi kuliko wote uwanjani.

---

Nairobi_Eagle

Hiyo nusu sekunde atairekebisha akicheza Mzee, kwa benchi hairekebishiki. Misimu miwili amekaa, ya tatu hii.

Na sasa mmeleta Bennett. Unajua drafti ya 2023 Bennett alikuwa chaguo la 104 na Ringo 105? Walifuatana. Sasa wako chumba kimoja wanang'ang'ania kiti kimoja, na kocha wa mabeki Christian Parker atawaona kila siku. Bennett ako na mbio kuliko wote hapo, ila bega lilimsumbua msimu uliopita na ni mfupi kwa watu wakubwa. Mimi naona kuletwa kwake kunamaanisha hakuna mtu amewaridhisha, ama Ringo ama Jackson. Roseman hatoi mtu wa laini ya mbele Agosti kama analala vizuri.

---

Dada_wa_Twin_Cities

Hapo Nairobi umesema kweli. Kubadilishana mchezaji Agosti ni ishara.

Lakini tahadhari moja kwenu wote, msiwahukumu kwa mechi za maandalizi. Hizo tatu wanaorusha mipira ni makwotabeki wa pili na wa tatu, marisiva wengi wataachwa wiki ijayo, na makocha wanaficha mipango. Konabeki anaweza kuonekana mfalme kwa sababu hakuna aliyemwuliza swali gumu. Kama kuna mazoezi ya pamoja na timu nyingine, hayo yapeni uzito zaidi, pale wa kwanza wanakutana na wa kwanza.

---

Kijana_wa_Sinza

Sawa kabisa. Swali la mwisho halafu niwaache. Mechi ya ufunguzi na Cowboys Septemba 4, huku kwetu ni saa tisa na dakika ishirini usiku wa kuamkia Ijumaa, nitaamka. Nikae natazama nini hasa kwenye safu yetu ya nyuma?

---

Mzee_wa_Zoni

Cowboys wamemleta George Pickens kutoka Steelers, mrefu, anaruka vizuri na anapenda mipira ya juu pembeni. Upande mwingine yupo CeeDee Lamb, ambaye wanapenda kumweka sloti. Kwa hiyo kabla mpira haujachezwa tafuta Lamb yuko wapi. Akiwa katikati ni wa DeJean. Akitoka nje angalia kama Mitchell anamfuata au kila mtu anabaki upande wake, hapo utajua Fangio anawaamini kiasi gani hawa vijana kwenye mwaka wa pili.

Halafu mtazame huyo namba mbili dhidi ya Pickens, awe Jackson au Ringo. Usihangaike na kama pasi imekamatwa, Pickens atakamata tu moja mbili. Angalia miguu ya beki pale mpira unapotoka mkononi mwa kwotabeki wao Dak Prescott. Ukikuta beki yuko bega kwa bega na Pickens, anageuza kichwa kutafuta mpira, hata akikamatiwa tuko salama. Ukikuta yuko nyuma hatua mbili na mkono umeng'ang'ania jezi, subiri kibendera. Kikitoka mara mbili kabla ya mapumziko utamwona Fangio anabadilisha mtu, na wiki ya pili tunaenda Kansas City.

---

Mkongo_wa_Lancaster

Na mutazame Mukuba yuko uwanjani tangu mwanzo ama anaingia wa tano akija. Akianza, ujue DeJean amebaki sloti na sefti wameshampata. Huku kwetu tutakuwa wengi sebuleni siku hiyo, nitawaandikia kesho yake.